Oili Usoni mwa Fundi

Fundi sikumjua kwa uso. Nilimjua kwa utosi, kwa sauti na kwa mikono. Nyumba yetu hapa Amu, mji wanaouita Lamu, ina dirisha la ghorofani linalotazama uwanja mdogo karibu na gati, na uwanjani hapo ndipo alipofanyia kazi yake ya mashine. Mimi ni mshona kofia. Mwanga mzuri uko dirishani, basi mchana kutwa nilikuwa juu na sindano yangu, naye chini na spana zake. Miaka ile ya hamsini mwanamke mwenye mume hakusimama njiani kuzungumza na wanaume. Tukizungumza, ni mimi nyuma ya pazia na yeye uwanjani, au mimi nyuma ya mlango na yeye dakani, pale penye baraza za kupokelea wageni.

Mafundi walikuwa wengi, wa milango, wa vyombo, wa dhahabu, lakini ukisema Fundi tu bila kuongeza neno, ni yeye. Alikuwa mfupi, mpana, mwepesi wa hasira na mwingi wa maneno. Sasa kaburi lake liko Makka, na watu husema ana bahati aliyezikwa kule. Mimi nikisikia hivyo hunyamaza, kwa kuwa sijui tena nani kati yetu alimkosea mwenziwe zaidi.

Kazi yake kubwa ilikuwa motaboti ya nahodha mmoja, Famau, iliyobeba watu baina ya Amu na Faza na mara nyingine ikafika Mkokoni. Injini yake ilikuwa ya lori lililokufa upande wa bara. Waliing'oa nzima pamoja na giaboksi yake, wakaitia katika chombo cha mbao. Kisiwani kwetu hapakuwa na barabara ya kupitisha lori, kwa hiyo lori letu lilikwenda majini.

Na Fundi mwenyewe alikuwa akiogopa maji. Hilo lilikuwa kichekesho cha mji. Huiwasha mashine, husimama ndani ya chombo kikiwa kimefungwa gatini, akainamisha kichwa kusikiliza, na kabla kamba haijafunguliwa ameshatoka.

“Fundi, ndoo upande, twende japo Manda hapo ng'ambo ukarudi,” Famau humwambia.

“Manda kuna nini? Kazi yangu mimi ni kutengeza. Kuzama ni kazi yenu.”

Fundi alikuwa na sumaku moja aliyoipata kwenye redio. Mkahawa wa jirani ulikuwa na redio kubwa ya betri, ikaungua, mwenye mkahawa akataka kuitupa, Fundi akaiomba. Watu wakasema Fundi sasa ataka taarabu nyumbani. Aliipasua spika, akatoa ndani yake kipande kizito kinene kama kidole gumba, akakaa nacho akikisogezea misumari na kucheka peke yake kila msumari ulipoiruka nafasi na kunata. Kisha akakipachika kwenye nati ya chini ya giaboksi, ile inayofunguliwa oili ikitaka kumwagwa. Nilimsikia akimweleza Famau kwa sauti ya kuusomesha mtaa mzima.

“Gia zasagana humo ndani. Zikisagana zatoa unga wa chuma. Ule unga ukizunguka na oili, nao husaga. Sasa hii sumaku nimeiweka tini kabisa, kila kitakachopita itakidaka.”

“Mbona lori lilikwenda miaka bila sumaku?”

“Ndiyo mana likafa.”

Tangu hapo kila oili ilipobadilishwa aliifungua ile nati, akaifuta sumaku kwenye kitambaa cheupe, akakitandaza juani, na watu wakaja kutazama. Ukitoka weusi laini kama wanja, alifurahi, kwa sababu chuma nacho huzeeka na huo ndio uzee wake. Zikitoka sindano nyembamba zinazong'aa, alipaza sauti na kuuliza nani alikuwa akiendesha. Na likitoka pande, hata likiwa dogo la punje ya mchele, hilo ni jino la gia lililomeguka, na chombo hakiondoki gatini. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea, na hapakuwa na mtu mtaani asiyeijua, maana aliitangaza kila wakati.

Kitambaa kilitoka kwangu. Vipande vya bafta vinavyobaki nikikata kofia nilivitia kikapuni, nikakiteremsha kikapu kwa kamba. “Bi Rukia, Mngu akupe kheri,” husema, naye hainui uso. Mume wangu, Bwana Shee, alilijua jambo hilo na alilipenda. Alisema kofia zangu zinavaliwa na watu kichwani na vipande vyake vinavaliwa na mashine tumboni.

Fundi alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka ukachosha: sumaku haina stara. Mtu wa hapa ataelewa uzito wake. Amu ni mji wa stara. Mlango mkubwa, ndani pazia, na nyuma ya pazia hilo pazia jingine. Aibu ya jirani ukiiona unaifunika, habari mbaya unaitafutia wakati wake, na msafiri haambiwi neno la kumtia wasiwasi. Chombo kikitaka kuondoka, watu husimama gatini, husoma fatiha, huomba dua, na wakishaitikia aamin maneno yamekwisha. Atakayefungua kinywa baada ya hapo akasema rudini, pana kitu, huyo ameitia safari nuksi, na lolote litakalowapata wasafiri litasemwa limetoka ulimini mwake.

Fundi alilelewa katika adabu hiyo hiyo. Ukali wake wote ulikuwa juu ya vyuma. Kwa watu alikuwa laini kupita kiasi. Siku moja Famau alisahau kutia maji, mashine ikachemka mpaka ikafuka moshi mbele ya abiria, na Fundi akauambia mji kwamba mpira ndio uliopasuka. Mke wa jirani alipokuwa akigombana na mumewe, Fundi alikuwa akihamisha vyombo vyake upande wa pili wa uwanja ili asisikie. Nadhani aliipenda sumaku kwa sababu ilifanya kile ambacho yeye hakukiweza.

Nisipoeleza habari ya mtoto wangu, mengine hayataeleweka.

Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kujifungua Faza, kwa mama yangu. Ndiyo desturi yetu, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mama. Mkunga wa hospitali hapa Amu alikuwa amenipapasa tumbo na kuniambia mtoto amekaa vibaya, nisisafiri. Nilikataa. Nilimtaka mama yangu na kitanda chake na mikono yake. Uchungu ulipokuja ulikaa, haukwenda mbele wala nyuma, na mama akatuma mtu Amu kumwambia Bwana Shee amlete mkunga upesi.

Asubuhi ile gatini palikuwa na vyombo viwili. Palikuwa na mashua ya tanga ya watu wa Mkokoni, imeshapakia, na kusi ilikuwa ikivuma vizuri. Nahodha wake alimwambia mume wangu, pandeni, nitawashusha Faza nikipita. Na palikuwa na motaboti ya Famau. Mume wangu alichagua mashine. Nani asingechagua mashine? Famau akamwomba Fundi abadilishe oili harakaharaka kwa sababu safari ni ya mgonjwa, na watu wakakusanyika kuwaombea dua. Mashua ya tanga ikaondoka zake. Motaboti ikaifuata, na kabla haijaikuta, ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, giaboksi ikavunjika. Maji yalikuwa yakitoka, bahari ikipwa. Chombo kikakaa kwenye tope katikati ya mikoko, mkunga ndani yake amepakata mkoba wake, mpaka maji yaliporudi. Walipofika Faza mtoto alikuwa ameshazikwa. Alikuwa mwanamume. Baada yake sikupata mwingine.

Bwana Shee ni mtu wa kutafuta la kucheka hata matangani, si kwa ubaya, ndivyo anavyobeba mizigo yake. Safari ile alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliitia kichekesho kimoja. Alisema dua ilipokwisha watu wakaitikia aamin, wakajipangusa nyuso kwa viganja kama ilivyo ada. Fundi alikuwa ndani ya chombo ameinama, na nati mkononi. Naye akaitikia, naye akajipangusa, akasahau kwamba mikono yote ni oili.

“Akainuka uso mweusi tititi, mato tu yaonekana!” husema Bwana Shee. “Hata mkunga alishindwa kujizuia.”

Nami hutabasamu. Kisha yeye humalizia, “Ajali haina kinga,” nami nikaitikia kwamba ndiyo, haina.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwa na kichekesho. Akija kwetu alikaa karibu na dirisha kwa ajili ya upepo, akaanza. “Aliambiwa asende. Mkunga alimwambia waziwazi. Kushupaa kwake ndiko kulikomzika mjukuu wangu.” Aliyasema mbele yangu na sauti yake haikuwa ndogo. Sikumjibu hata siku moja, kwa kuwa na mimi nilikuwa nikiamini hivyo. Nilikuwa nikishona macho ya kofia, vile vitundu vyake, na nikijiambia: ungebaki Amu, leo angekuwa anakimbia ngazini. Mwaka ukipita namwongezea kimo. Nilijihukumu vibaya kuliko alivyonihukumu mama mkwe, maana yeye alikuwa akirudi kwake jioni na mimi nilikuwa nikibaki na mimi.

Nilichokuwa sikielewi ni nyundo. Kila mama mkwe alipoanza maneno hayo, chini uwanjani Fundi aliacha alichokuwa akikifanya akaanza kugonga chuma. Aligonga mpaka asisikike mtu. “Mtu huyu hana adabu,” mama mkwe husema, akafunga dirisha kwa kishindo. Mimi nilimshukuru moyoni. Nilidhani ananionea huruma.

Yako mengine niliyoyaona nikayapa maana yangu. Kikapu changu hakikupanda tupu tena. Nikiteremsha vipande vya bafta, kinarudi na kitu ndani: jiko langu la mafuta limetiwa mpira mpya wa pampu, taa imenyooshwa, mkasi umenolewa, samaki wawili juu ya jani. Nikikataa anasema kwa ukali, “Pokea, mwanamke, usinitie shughuli.” Bawaba za milango yetu zilikuwa hazilii, za mtaa mzima zinalia. Mume wangu alisema tumepata jirani mwema.

Na mtu huyo anayenitumia samaki hakula kwetu hata tonge. Katika mji wetu, kukataa chakula cha jirani ni kumvunja uso. Siku ya Idi wanaume huingia nyumba kwa nyumba, na Fundi alikuja, akasimama dakani, akampa Bwana Shee mkono, na kahawa ilipotoka akasema ana kiungulia. Kila Idi ana kiungulia. Nyumba ya pili nilimsikia akila halua na kusifu mpishi. Nilikasirika, nikamwambia mume wangu pengine anaona nyumba yetu ina mkosi. Bwana Shee akasema labda ni kweli ana kiungulia.

Jambo lililomharibia jina ni kusimamisha vyombo. Tangu mkosi wa Mkanda, Fundi laini, Fundi wa kufunika aibu za Famau, aligeuka. Alikuwa akisimama gatini kila safari na kitambaa begani, na akiona hata sindano moja ya chuma kwenye sumaku, watu wanateremka, wawe wameomba dua wasiwe wameomba. Siku moja aliusimamisha msafara wa arusi uliokuwa ukienda Faza. Nilikuwa dirishani, nikaona yote. Bwana arusi amevaa joho, wazee wamekaa, dua imekwisha, na Fundi amesimama juu ya ubao wa kupandia na mikono yake miwili imepanuliwa.

“Teremkani.”

“Fundi, fatiha ishasomwa,” akasema ami yake bwana arusi.

“Fatiha haikazi nati. Teremkani nyote, na joho lenu.”

“Wewe wataka kututia nuksi mbele ya watu?”

“Nuksi ni hii hapa!” Akainua kile kitambaa changu. “Itazameni. Itazameni!”

Wakateremka. Akaifungua giaboksi yote, akazitoa gia moja moja na kuzipanga juu ya gunia, na jua likapanda na vyakula vya arusi huko Faza vikapoa. Hapakuwa na kitu. Kile kipande kilichong'aa kitambaani kilitoka kwenye tupa yake mwenyewe alipokuwa akisugua nati. Ami yake bwana arusi akamtemea maneno nisiyotaka kuyaandika, na tangu siku hiyo vijana wakamwita Bwana Nuksi. Famau, ambaye alikuwa akimpenda, alimwambia mume wangu kwamba zamani Fundi alikuwa akisikia mashine, siku hizi anasikia woga wake tu. Lilikuwa kweli. Kama fundi, alikuwa bora kabla ya siku ya Mkanda kuliko baada yake, na wenye vyombo wengine wakaanza kumpelekea kazi mtu mwingine. Aliacha waende. Hakujieleza, hakupunguza ukali, na kesho yake alikuwa gatini tena na kitambaa begani.

Kisha ikasikika kwamba Fundi anakwenda Hija. Mji ulicheka kwanza, ukashangaa baadaye. Mtu asiyekwenda Manda anakwenda Jeddah! Famau akamuuliza kama ataweza kukaa melini, akajibu kwamba akifa majini atakuwa amefia njia njema. Hakuitikia mzaha tena, na hilo lilitutisha kidogo.

Hapa petu anayekwenda Hija huzunguka kuomba radhi. Haendi na kinyongo cha mtu mgongoni. Fundi alizunguka mji mzima. Alikwenda kwa mwenye mkahawa, kwa watu aliowatukana, kwa wasafiri aliowateremsha. Alikwenda mpaka kwa ami yake bwana arusi, na nilisikia kwamba wazee wale wawili walilia. Bwana Shee aliombwa radhi na Fundi msikitini, mbele ya watu, kwa neno la jumla analoambiwa kila mtu. Nyumba yetu tu ndiyo asiyoifikia, nyumba iliyo juu ya kichwa chake. Siku zikapita nikiwa na buli la kahawa tayari nyuma ya mlango. Nikasema basi, samaki wote wale, na sikustahiki hata hodi.

Asubuhi ya kuondoka mume wangu alikwenda gatini kusaidia kubeba sanduku lake. Nilisikia dua kutoka dirishani, nikasikia aamin ya watu wengi, nikajua imekwisha. Nikateremka kufunga mlango wa chini. Nikasikia pumzi za mtu dakani.

“Bi Rukia.”

“Fundi? Si umeshasomewa wewe? Warudi na fatiha ishasomwa?”

“Nimewambia nimesahau kitu.”

“Leo ndipo umeuona mlango wangu.”

“Nimekuya mwisho kwa kuwa wewe ni wa kwanza,” akasema. “Pokea hiki.”

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Mkono ulioingia ulikuwa umesuguliwa ndimu na mchanga mpaka umechubuka, na kucha zake, kwa mara ya kwanza, zilikuwa nyeupe. Ulishika kitambaa kilichokunjwa. Nilikijua, kilikuwa bafta yangu, na pembeni palikuwa na mshono wangu niliokosea nikautupa. Nikakifungua. Ndani ilikuwamo sumaku ya kwanza, ile ya spika, imelowa oili, na juu yake kimenata kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele.

“Nimekipaka oili miaka yote kisipate kutu,” akasema. “Kisije kikapotea nikajidanganya kuwa hakikuwako.”

Sikumuuliza ni nini. Sheria yake ilikuwa ikitangazwa chini ya dirisha langu.

“Asubuhi ile nlikuwa na nati mkononi,” akasema. “Nkaifuta sumaku, nkaliona. Jino la gia. Nkainua uso niseme, nao wafika mwisho wa dua. Wakasema aamin. Nkamuona Bwana Shee uso wake ulivyo, nkasema moyoni, nimwambie nini saa hii? Huenda chombo kikafika. Nami nkasema aamin. Ile mashua ya tanga ilikuwa bado yaonekana, Bi Rukia. Lau ningepiga ukelele tu, wangeirudisha.”

Nilishika mlango. Nakumbuka misumari yake ilivyokuwa baridi.

“Hilo ni la kwanza. La pili ni yale maneno ya dirishani. Miaka nimeyasikia. Watiwa makosani kwa kwenda kwa mamako, nawe wanyamaza, na mwenye jawabu ni mimi. Nami nikagonga chuma. La kwanza lilikuwa la kitambo kidogo. La pili nimelifanya kila siku, kwa akili yangu timamu.”

Nasema wazi, sikumhurumia. La mtoto labda ningeliweza, hapo hapo, kwa kuwa na mimi nimelelewa mji huu na najua aamin ilivyo nzito mdomoni. Lakini lile la pili lilinichoma. Miaka yote ile niliyojilaza na kuamka nikiwa muuaji wa mwanangu, mtu aliyeweza kunifungua kwa neno moja alikuwa chini ya dirisha langu akininolea mkasi. Nilitaka kuona uso wa mtu wa namna hiyo. Nikaufungua mlango.

Ulikuwa uso wa mzee wa kawaida. Ndevu zimechanwa, kanzu mpya, na kichwani amevaa kofia niliyoishona mimi, sijui aliinunua kwa nani. Akatazama chini mara moja, kwa adabu.

“Usinambie la kunipoza,” akasema. “Mimi ndio mtu aliyenyamaza, nayajua maneno ya kupoza. Nambie lililoko moyoni. Kama hapana, sema hapana. Nitakwenda gatini nishushe sanduku langu, sitasafiri na haki yako.”

Huko gatini Famau akapiga kelele, “Fundi! Maji yatoka!” Watu walikuwa wamesimama wakimngoja, mume wangu kati yao. Nilifikiria sanduku likishushwa. Nilifikiria mji ukiuliza ni kwa nini, na nani alimrudisha mtu wa Hija baada ya dua. Moyoni mwangu jibu lilikuwa hapana. Lilikuwa hapana kubwa, na alikuwa amenitaka niliseme.

“Nimekusamehe,” nikasema.

“Kweli?”

“Kweli. Enda, Fundi. Fatiha ishasomwa.”

Akasimama. Aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, vile alivyokuwa akifanya gatini mashine ikiwashwa, akasikiliza kama kuna kinachofuata. Kisha akasema aamin kwa sauti ndogo, akageuka, akaenda zake kwa hatua fupi za mtu anayeogopa maji.

Msamaha wa kweli nilikuja kuupata polepole, na ulipokamilika barua ya kufa kwake ilikuwa imeshafika kwa jamaa zake, nikawa sina wa kumpa. Mama mkwe naye alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo hata jawabu lile halikupata mtu wa kulipokea.

Lakini asubuhi ile nilipanda juu, nikasimama dirishani. Nikauona utosi wake ukiingia chomboni na kukaa katikati, mbali na ukingo. Kamba ikafunguliwa. Watu wa gatini, kwa sababu msafiri alikuwa amerudi nyuma, wakamwombea upya, na aamin yao ikafika mpaka kwangu. Nami nikaitikia, nikajipangusa uso kwa viganja viwili.

Bwana Shee aliporudi alinikuta pale pale. Alinitazama, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

“Rukia, una nini usoni? Mweusi tititi, mato tu! Kama Fundi siku ile!”

Nikafumbua kiganja. Lile jino nilikuwa bado nimelishika.